Kinyama Kisichohama

Mzee, fundi cherehani, alikubali kupigwa picha ya CT ya utumbo kwa sharti moja: binti yake asiwepo chumbani wakati wa kuwekewa mpira wa hewa njia ya haja kubwa. Binti ndiye aliyekuwa mtaalamu wa mionzi wa zamu ya asubuhi, lakini aliliona sharti hilo ni la haki. Kazi hiyo akamwachia mwenzake waliyemwita Twiga kwa urefu wake, yeye akabaki nyuma ya kioo, mbele ya skrini.

Kamera ya kupitishwa njia ya haja kubwa mzee alikuwa ameikataa katakata. Kaka yake mkubwa alipitishiwa hiyo kamera, akaambiwa ana saratani ya utumbo, wala hakumaliza mwaka. Kilichomkaa mzee kichwani ni kamera, si kwamba ndugu yake alikwenda hospitali maji yakiwa shingoni. Binti alimbembeleza miezi mitatu, mpaka wakaafikiana kwamba apigwe picha kwanza, mengine baadaye.

Siku moja kabla ya picha, binti alimpa dawa mbili. Moja ya kusafisha tumbo. Nyingine ya kung'arisha masalia: chakula kidogo kinachobaki utumboni huonekana cheupe kwenye picha, kisije kikadhaniwa ni kinyama kilichoota. Jioni alizikuta chupa zote mbili mezani, tupu, zimesuuzwa na kufunikwa. Akalala kwa amani.

Sasa Twiga alijaza hewa polepole ili utumbo utanuke. Mzee akalala chali, akabana pumzi alipoambiwa, meza ikaingia kwenye mashine na kutoka. Binti akaanza kuukagua utumbo mpana kwenye skrini, kuanzia chini, mkunjo kwa mkunjo. Karibu na kona ya kushoto akaona vitu viwili, kila kimoja kama punje ya hindi. Vilikuwa vya kijivu, si vyeupe.

Masalia yangekuwa meupe. Kisha akazikumbuka zile chupa. Ni nani anayesuuza chupa inayokwenda jalalani?

Akabonyeza kitufe cha kipaza sauti. "Baba, ile dawa ya pili uliinywa?"

Twiga akatazama dari.

"Niliionja."

"Na iliyobaki?"

"Ilinywewa na sinki, mama. Ilikuwa na ladha ya misumari."

Twiga akasema basi wangeilaza sinki mezani, yenyewe ndiyo iliyojiandaa.

Binti hakucheka. Bila ile dawa, rangi haikuweza kumwambia lolote. Ilibaki njia moja, ambayo tangu awali ilikuwa sehemu ya kipimo: kumgeuza mgonjwa alale kifudifudi. Masalia huporomoka upande wa chini, ila kilichoota hubaki ukutani pake. Mzee akageuka huku akinung'unika kwamba amefanywa chapati.

Picha ya pili ikaja. Punje moja ilikuwa imehamia upande wa pili. Nyingine ilikuwa palepale.

Akaipima: milimita tisa. Daktari wa picha akaja, akazilinganisha, akakubaliana naye. Vingi vya ukubwa huo si saratani, alisema, lakini hiki kinapaswa kutolewa na kupimwa. Kukitoa ni kwa kamera.

Mzee alipomaliza kufunga vifungo vya shati, binti alimketisha mbele ya skrini. Akaweka zile picha mbili bega kwa bega na kumwonyesha ipi ilipigwa amelala chali, ipi kifudifudi.

Mzee akavaa miwani yake ya kutungia uzi. Akatazama muda mrefu, kidole kikienda huku na huku.

"Hiki kilianguka kitambaa kilipogeuzwa," alisema. "Ni kipande cha uzi tu."

"Ndiyo, Baba."

"Na hiki kimeshonwa."

"Kimeshonwa."

"Kinafumuliwaje?"

Akamweleza: waya mwembamba hupita ndani ya kamera, hukinasa shingoni na kukikata. Cha baba mkubwa, akaongeza kwa sauti ya chini, kilikuwa kimeachwa kikatambaa.

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati ingawa haikuwa na vumbi.

"Andika tarehe," alisema. "Dawa utaninywesha mwenyewe. Na chupa nitaiacha chafu."