Jirani wa Peres Aliyeng'olewa Mlango

Hivi wewe umewahi kumwacha rafiki yako nyumbani awe ndiye mlango? Peres alimwacha Nasimiyu hivyo Jumamosi moja kule Kangemi, amekaa kizingitini na kigoda chake, chupa ya chai na sindano za kufuma, yeye akashuka mjini.

Njuguna, mwenye nyumba, alikuwa ameung'oa mlango siku nne nyuma, bawaba na kila kitu. Alitaka kujenga ghorofa, na wapangaji wengine wote alikuwa amekwisha kuwahamisha. Peres kodi alilipa. Alichotaka ni mlango wake tu, ule wa bati aliopaka buluu kwa mkono wake mwenyewe, wenye msumari wa kuning'iniza kalenda.

Maktaba ya huko mjini ilikuwa imetangaza mafunzo ya sheria ya bure. Kwanza wakaomba. Halafu mkutubi akatambulisha wageni, wageni wakatambulisha wasaidizi wao, na wasaidizi wakashukuru kwa kutambulishwa. Wakili Debra, msichana nadhifu wa miwani, akasema sheria ni ya kila mtu, kisha akaeleza kwa dakika arobaini namna ya kuwagawia watoto mashamba matatu. Watu wakaandika. Peres naye akaandika, ingawa shamba lake lilikuwa sufuria mbili kuukuu zenye sukuma wiki.

Maswali yalipofika, ikawa ajabu: ukumbi mzima hakuna aliyekuwa na shida. Wenye shida walikuwa jamaa zao. Mwanamume mmoja wa tai aliuliza kwa niaba ya shemeji yake, aliyejikuta ameoa mara mbili. Mama mmoja alikuwa na binamu aliyesogeza kigingi cha mpaka. Peres naye akaona haya, akasimama, akasema ana jirani aliyeng'olewa mlango.

Wakili akamjibu kwamba mwenye nyumba huyo amevunja sheria, kwani mtu hatolewi hivyo bila amri ya mahakama, na jirani aende akashtaki.

Nyuma ya rafu ya vitabu mtu akakohoa. Akauliza juu ya rafiki yake mwenye ploti, aliyemng'olea mpangaji mlango na bado mpangaji hatoki. Je, rafiki sasa anaweza kung'oa mabati ya paa? Peres aliijua sauti ile kabla hajageuka. Njuguna akashusha kofia machoni.

Wakili alifurahi sana. Akasema visa hivi vinafanana, ingefaa jirani wa mama na rafiki wa mzee wakutanishwe. Ukumbi ukacheka.

Kwenye foleni ya chai wakajikuta bega kwa bega. Njuguna akauliza jirani anaendeleaje. Peres akasema anapigwa na baridi. Njuguna akasema rafiki yake si mtu mbaya, ni vile alishauriwa vibaya. Wakaendelea hivyo kwa adabu mpaka andazi la pili, Peres akauliza huo mlango rafiki aliupeleka wapi. Njuguna akasema umeziba banda lake la kuku, pale Dagoretti Corner, kwa muda tu.

Peres akamkumbuka Nasimiyu kizingitini. Akaweka kikombe chini.

"Baba Wangui," akamwambia Njuguna, na foleni yote ikageuka. "Mimi sina jirani. Wote uliwahamisha. Nataka mlango wangu, leo, na bawaba zake."