Boraji Hukatwa Ingali na Maua

Kibiriti hakuwa na trekta. Hakuwa na shamba lake peke yake, maana mashamba ya baba yao yote yalikuwa chini ya kaka yake. Hakuwa na subira, ndiyo sababu ya jina hilo. Na pale nyumbani hakuwa na mtu hata mmoja aliyeamini kwamba boraji, mmea wa maua ya buluu, ni zao.

"Umepanda maua shambani kwa baba," kaka alimwambia. "Kwani unaoa, mdogo wangu?"

Kibiriti alikuwa amekwisha kumweleza. Shamba la juu lilipandwa ngano juu ya ngano hata likachoka. Mizizi ilioza na mavuno yakapungua. Boraji, mmea wa jamii nyingine, ungelipumzisha. Mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kupaka ngozi, na kiwanda kilikuwa kinatafuta wakulima. Kaka alisikiliza, akampa msimu mmoja.

"Ukishindwa, ngano inarudi, na neno boraji nisilisikie tena humu ndani."

Shamba likachanua buluu tupu. Mfuga nyuki akaleta mizinga yake ukingoni. Kisha asubuhi moja Kibiriti alipiga magoti kati ya mistari, akaona mbegu nyeusi zimelala udongoni kama pilipili manga, na juu ya shina lile lile maua bado yanafunguka. Boraji haikomai yote kwa pamoja. Anayeingoja ikauke huvuna mabua.

Alimkuta kaka bandani, anapaka trekta grisi.

"Kaka, tukate leo jioni, nyuki wakisharudi mizingani. Tuiache chini ikauke, ndipo tupure."

"Tukate nini, na shamba bichi hivi? Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Mfuga nyuki, aliyekuja kuazima spana, alicheka. "Mkimaliza methali mniambie nani kashinda."

Kibiriti akanyakua shuka kwenye kamba ya nguo.

"Shuka yangu jamani!" shemeji yake alipiga kelele dirishani.

Shambani, kaka akimfuata, Kibiriti aliitandika chini ya mmea mmoja, akautikisa taratibu. Mbegu zikamwagika. Kaka akaziokota, akazisugua kiganjani. Baba yao alimfundisha kwamba kilicho kibichi hakikatwi, naye aliishika kanuni hiyo tangu utotoni.

"Nusu," alisema mwishowe. "Kata nusu. Nusu yangu iache ikauke kama zao lenye akili."

Nusu moja ikakatwa jioni ile. Nyingine ikaachwa, ukapita upepo, mbegu zikapukutika. Siku ya kupura, upande wa Kibiriti ulijaza magunia. Upande wa kaka ulitoa makapi. Kiwanda kiliandika kuuliza kama watapanda tena. Kibiriti hakujibu, kwa sababu ruhusa haikuwa yake.

Msimu uliofuata ngano ikapandwa pale pale, ikaota na mizizi mizima. Ila katika nusu ya kaka boraji ilichipua yenyewe katikati ya ngano, nene kana kwamba imepandwa. Kaka aliing'oa kwa mkono, vinywele vyake vikimchoma vidole. Alicheka mfuga nyuki peke yake.

Jioni kaka aliketi mezani, anajikuna viganja.

"Wale watu wa mafuta uliwajibu?"

"Bado. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Andika basi. Waambie shamba la chini."

"Lote?"

"Umekuwa kiziwi? Na uwaulize mkulima anajuaje siku ya kukata."

"Si nipo mimi hapa, kaka?"

"Wewe ni mdogo wangu. Nataka nisikie kwa wenyewe."

Kibiriti akaliandika swali kama alivyoambiwa. Kaka akatia saini, akailamba bahasha mwenyewe, akaibana kwa ngumi. Asubuhi mpeleka barua akaichukua.