Moshi wa Washika Vizibo

Nchi ya Ukavuni imekaa juu ya maji mengi ambayo wananchi wake hawayaonji. Yako chini kabisa, yamejificha ndani ya miamba, na pamoja nayo uko upepo usio na rangi wala harufu, ambao ukiguswa na cheche unawaka. Juu ni vumbi, mbuzi wa kuhesabika mbavu, na kilima kimoja chenye ikulu iliyoezekwa shaba. Humo wanakaa Washika Vizibo, wakubwa watatu wanaovaa vizibo vya visima shingoni kama hirizi, na wao ndio huamua nani anywe na nani ameze mate.

Wachimbaji wao walipoufikia ule upepo, waliuvuta kwa mabomba hadi ukumbini wakauwasha, wakaziba na madirisha tusije tukafaidi mwanga. Tukauliza, na sisi je? Mkubwa wao, Bwana Fundo, akatoka barazani akicheka.

"Moto ni wetu. Moshi wake gawaneni."

Asubuhi hiyohiyo mke wangu Nyamizi alikuwa amefia kwenye foleni ya kisimani, ndoo yake tupu. Kwetu maiti haizikwi bila kuoshwa. Nilipiga hodi kila nyumba, majirani wakanionyesha mitungi mikavu, wakalia nami. Nikapanda ikulu kuomba kopo moja tu. Nikajibiwa kwamba marehemu hana kiu.

Basi nikakaa chini ya ukuta wao wa matofali mabichi (mvua huko hainyeshi, tofali lichomwe ya nini?), jua linanichoma, nikahisi tone shingoni. Nikadhani jasho. Likaja la pili. Kuinua macho, upenu wa shaba unachuruzika. Kumbe upepo ule ukiungua, moshi wake ni maji, na mvuke waliojifungia nao ulikuwa umepanda hadi kwenye shaba ukageuka matone. Hilo hawakulijua wao waliosoma, sembuse mimi niliyeishia darasa la pili.

Nikakinga ndoo ya Nyamizi. Askari wa lango, kijana aitwaye Mkomwa, akaja na rungu.

"Mzee, hayo ni maji ya ikulu."

"Ya ikulu ni moto, mwanangu. Huu ni moshi."

Akatazama juu, akatazama ndoo. Kisha akavua kofia yake ya chuma, akaikinga.

"Mama naye hajanywa tangu jana," akasema.

Nilimwosha mke wangu mara tatu, hadi nyayo zake zilizopasuka, kwa maji ya uvuguvugu kama alivyoyapenda. Naishukuru ardhi iliyoyatunza, ingawa yalimfikia yamechelewa. Namshukuru Mkomwa, nawashukuru waliobeba jeneza. Wakubwa sina la kuwashukuru.

Tuliporudi kutoka makaburini, ukuta wa ikulu ulikuwa umevimba. Ndani wakubwa walizozana, huyu anataka moto uzimwe, yule analilia mwanga wake, na wachimbaji wakiwajibu kwa heshima kwamba bomba limegoma kufungwa. Nje watu wamepanga mitungi kuzunguka kilima, wanakinga, wanapeana nafasi, wanasema asante, na matofali yanazidi kulainika.

Hakuna aliyewaambia watoke.