Kwa Nini Wafula Alifunga Mlango

Binti yangu Akiror alifika kwangu Moding na sanduku, mtoto, na flashi ya muvi. Mtoto akanipa nimbebe, sanduku akaliingiza chumbani, na flashi akaichomeka kwenye televisheni kabla hajaonja maji.

"Mama, kaa hapa uangalie," aliniambia. "Ukimaliza ndio uniulize kwa nini nimekuja."

Nikakaa. Mtu aliyekasirika ni kama uji wa wimbi ulio jikoni, ukiukoroga kwa haraka unakurukia mkononi.

Hadithi yenyewe inaitwa Dunia ya Kando, na mimi nilikuwa naifuata tangu mwanzo, kwa sababu Akiror akija kunisalimia huwa anakuja nayo. Ni ya watu wa ng'ambo, wanaongea lugha yao ambayo hata si Kiingereza. Lakini Malaba wanauza ile iliyotafsiriwa. Kuna mtu anaongea Kiswahili juu ya maneno yao, anawapa majina ya kwetu na anaongeza chumvi yake. Yule mwanaume mkuu amemwita Wafula. Wafula anafanya kazi kiwanda cha barafu, na nyuma ya friza moja kubwa kuna mlango. Ukiupita unatokea kwenye dunia nyingine iliyo sawa na hii, barabara ni zile zile, watu ni wale wale, ila kila mtu ana bahati tofauti. Aliye maskini huku, kule ana gari. Aliyezikwa huku, kule utamkuta anauza nyanya.

Sasa katika sehemu hii Wafula amepita mlango, akamkuta mke wake Naliaka wa kule. Uso ni ule ule. Lakini Naliaka wa huku amechoka, anaongea tu kuhusu maji na kodi. Wa kule amevaa gauni jekundu na anachekea hata vijiko. Wafula anarudi mpaka mlangoni, anaangalia huku, anaangalia kule, halafu anaufunga mlango yeye mwenyewe akiwa kule. Na yule mtafsiri anasema kwa sauti nzito, "Huku nimepata amani. Mwenye makelele abaki na makelele yake."

Picha ikaisha. Nikasema, "Huyu Wafula ni mjinga."

"Derrick amesema alifanya vizuri," Akiror akasema.

"Derrick wako?"

"Wangu. Nilimuuliza tukila, umeona vile yule jamaa wa friza alifunga mlango? Akasema ameona, na jamaa alifanya vizuri sana, hata yeye angefunga. Anatafuna samaki, mama. Hata kutafuna hakuacha."

Derrick ni mume wake, kijana wa watu wa Matayos. Kazi yake ni kupitisha makaratasi ya malori pale mpakani Malaba. Anavuka kwenda upande wa Uganda karibu kila siku, na malori yakikwama anachelewa huko mpaka jioni. Mke wa mtu wa namna hiyo huambiwa mengi sokoni. Akiror alikuwa anayaacha yapite. Baada ya maneno ya samaki, akaanza kuyasikiliza yote kwa pamoja.

"Ana mtu huko," alisema.

"Umemuona?"

"Nimuone kwa nini, na ametangaza mwenyewe? Mimi ni wa makelele. Huko kuna gauni jekundu."

Alizima simu, akachukua jembe akaingia shambani, akalima mihogo kama mtu anayetafuta kitu kilichozikwa. Vivian, mjukuu wangu, ndiye aliyekuwa anaongea nyumba nzima.

Jumapili baada ya misa, Derrick akaja.

Kwetu Wateso, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawaangaliani usoni, na hawaitani majina. Ni heshima, si ugomvi. Tukikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi ya watu. Kwao Matayos pia iko hivyo, kwa hiyo mimi na Derrick hatujawahi kusumbuana. Niliposikia pikipiki nikaingia chumbani, nikavuta pazia, nikaketi kitandani na Akiror. Derrick akaketi sebuleni, kando ya mlango, mahali ambapo siwezi kumuona. Televisheni ndiyo nilikuwa naiona, kwa ufa wa pazia. Na Ilukor, ndugu ya marehemu mume wangu, akaitwa akae katikati abebe maneno. Alikuja na kigoda chake kwa sababu anasema viti vya sofa vinameza watu.

"Mwambie mgeni karibu," nikasema.

"Anasema karibu," Ilukor akasema.

"Mwambie mama nimeshukuru," Derrick akasema.

"Ameshukuru."

Pazia langu ni jepesi. Kila neno tulilisikia mara mbili.

"Muulize amekuja kufanya nini."

"Amekuja kumchukua mke wake," Ilukor akajibu mwenyewe. "Kwani mkwe huja kupima shamba?"

"Muulize yeye, mzee."

Derrick akakohoa. "Mzee, mimi hata sijui nimekosa wapi. Nilienda kazi, kurudi nikakuta nyumba imefagiwa vizuri na hakuna mtu. Kule kufagiwa ndiko kuliniogopesha."

"Mwambie anajua," Akiror akasema, mikono ameikunja kifuani.

"Anasema unajua."

"Sijui, mzee."

"Mwambie ni mambo ya Wafula."

Nikasikia kigoda kikilia. Ilukor alikuwa amegeuka. "Wafula ni nani tena? Akiror, kama kuna mwanaume anaitwa Wafula, sema mapema nijue nimeitwa kesi gani."

"Wafula ni wa televisheni, mzee."

"Hapo sawa," Ilukor akasema, akatulia.

"Yule wa friza?" Derrick akauliza. "Huyo sisi tunamwita Mukasa."

Akiror akainuka kitandani. "Muulize sisi ni nani."

Hata kabla Ilukor hajafungua mdomo, kijana alikuwa ameshaanza kujieleza kwa kigugumizi. "Sisi wa kibandani. Kibanda cha video, upande wa Uganda. Lori ikikwama mimi huingia hapo nangoja. Wanaonyesha Dunia ya Kando, lakini yao inatafsiriwa Kiganda."

"Aliniambia anangoja malori," Akiror akasema.

"Si ndio nangoja, huku nikiangalia."

"Na kwa nini hakusema?"

"Mzee, nitasemaje? Mtu mzima mwenye mke na mtoto, nimebanana kwenye benchi na watu wa boda boda, tunamlilia Mukasa."

Mimi niliposikia hilo la kulia, nikashtuka. Wafula wangu hakuna mtu angemlilia. Nikasema, "Mzee, muulize huyo Mukasa alifunga mlango kwa nini."

"Kwani si kwa ajili ya homa?" Derrick akasema, kama anaeleza kitu ambacho kila mtu anakijua. "Alikuwa ameshikwa na homa ya kule, haina dawa. Akirudi atamwambukiza mke wake, Nambi. Basi akafunga mlango akasema, Nambi, bora unichukie ukiwa mzima. Kuna jamaa wa boda alitoka nje akidai ni moshi umemuingia."

Chumbani tukaangaliana, mimi na binti yangu.

"Hakuna homa," Akiror akasema.

"Iko."

"Mimi nimeangalia mara tatu. Homa haimo."

"Akiror, iko kwa simu yangu hapa, nikuonyeshe."

Ilukor alikuwa ameshasahauliwa. Alibaki anageuza kichwa huku na huku kama mtu anayeangalia mbuzi wawili wakipigana. Derrick akafungua simu, akaongeza sauti. Kiganda nakisikia vizuri, nimeuza mtama ng'ambo ya mpaka miaka yangu ya nguvu. Na kweli, homa ilikuwemo, nikamnong'oneza Akiror. Mukasa anakohoa kwa Kiganda, anamuaga Nambi kwa Kiganda, hata mimi nikasogea karibu na pazia. Halafu Akiror akatoka chumbani akawasha ile ya flashi. Mtu ni yule yule, friza ni ile ile, mkono uko kwenye mlango ule ule, na maneno ni yale ya amani na makelele.

"Kwa hiyo ni mtu mmoja amewekewa wasemaji wawili," Ilukor akasema. "Na yeye mwenyewe anasema nini?"

Hakuna aliyejua. Derrick ana Kiingereza kizuri cha forodha, lakini hakikusaidia. Chini ya sauti za watafsiri kulikuwa na kunong'ona tu, kama watu wanaoongea nyumba ya jirani.

"Nilikuwa nasema kuhusu homa," Derrick akasema polepole. "Wewe ulidhani nasema kuhusu nini?"

Akiror akakunja mikono tena. Nilimjua. Alikuwa ameona kosa liko wapi, lakini hasira iliyolima mihogo hivyo haikubali kuondoka kwa sababu ya mtafsiri. Na ukweli ni kwamba homa ya Mukasa haisemi kama Derrick ana mtu Uganda au hana.

"Mzee," nikasema, "waambie wazime sauti. Tuangalie bila mtu wa kutusemea."

Wakazima. Nyumba ikawa kimya, na yule mtu akaja tena na friza yake.

"Huyu anatafuta choo," Ilukor akasema.

"Mzee, tulia kidogo," Derrick akamwambia.

Bila sauti niliona vitu ambavyo sikuwa nimeviona. Alipoufungua mlango, alisimama muda mrefu. Na upande wa huku, mke wake alikuwa pale pale kiwandani, karibu, anapangusa meza, mgongo ameugeuzia mlango. Mtu angekohoa tu, angemsikia. Yule mwanaume akainua mkono, akaushusha, akaangalia nyuma, akainua tena. Roho ikanipanda. Mtu anasimama hivyo, mlango uko wazi, na mke wake anapangusa meza.

Sijui nilivyotoka. Nilijikuta niko katikati ya sebule, kidole changu kiko kwenye kioo cha televisheni.

"Si amwite," nilisema. "Derrick, si amwite tu. Yuko hapo."

Halafu nikaona mahali niliposimama.

Derrick alikuwa amenitazama usoni, na mimi nilikuwa nimemtazama, na jina lake lilikuwa bado liko kinywani mwangu. Akavuta jaketi akajifunika kichwa chote. Mimi nikanyakua kitambaa cha sofa nikajifunika changu. Kurudi chumbani sikuweza, kwa sababu miguu yake ilikuwa njiani. Tukabaki hivyo, maiti wawili wa mchana.

"Sasa," Ilukor akauliza, "nimwambie nani nini?"

Akiror akaanza kucheka. Kwanza kwa pua, halafu akaketi chini sakafuni akacheka mpaka Vivian akaja akikimbia kuona kimetokea nini, akatukuta, naye akatafuta kitambaa cha kujifunika. Sikuwa nimesikia kicheko cha binti yangu tangu alipofika.

Chini ya jaketi Derrick akasema, "Mzee, mwambie mama amesema kweli. Hata mimi nilikuwa nafikiria hivyo. Kwa nini hakumwita?"

"Ungekuwa wewe ungemwita nani?" Akiror akamuuliza, bila kupitia kwa mtu.

"Wewe."

"Na kama una homa?"

"Ningekuambia nikiwa mlangoni. Uchague mwenyewe kama unakuja au unabaki."

"Na gauni jekundu?"

"Gauni gani? Akiror, ile televisheni ya kibandani ni ndogo kama sahani, na mbele yangu hukaa mtu wa kofia. Mimi naona miguu ya watu."

Ilukor akacheka sana, lakini Akiror aliacha kucheka. Aliinuka, akajipangusa.

"Sijasema narudi," alisema. "Nataka nikione hicho kibanda. Leo. Kama kipo, kipo. Kama hakipo, usirudi hapa na mdomo wako."

Mimi chini ya kitambaa changu nikawa nasikiliza ataanza na nini. Mwanaume mwenye la kuficha huwa anaanza na mvua, au uchovu, au mafuta ya pikipiki.

"Hawatatupa nafasi ya kuketi pamoja," Derrick akasema. "Lakini twende."

Ilukor akamwamuru ageukie ukuta ili mimi nipite. Halafu akatoa hukumu kwamba mama mkwe na mkwe walioonana uso kwa uso wanatakiwa kuondoa hiyo aibu kwa kuku, mmoja kila upande, na kwa sababu yeye ndiye aliyekaa katikati, kuku wote wawili watapitia kwake. Derrick alikubali akiwa anaangalia ukuta.

Wakaondoka kwa pikipiki. Nikabaki na Vivian, nikamchambulia karanga, na kila mlio wa njiani nikawa nautegea sikio. Kama Akiror angerudi peke yake, ningejua. Sikutaka kufikiria ningemwambia nini.

Jua lilikuwa bado juu ya paa la kanisa simu ilipolia.

"Mama," Akiror akasema, na nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi. "Kipo."

"Kipo?"

"Kipo, na wote wanamjua Derrick. Wanamwita mzee wa malori. Nimewaambia wazime sauti waone vile mwanamke yuko karibu, wamekataa kabisa. Wanasema sauti ndiyo waliyolipia. Kuna mmoja ameniambia mimi sijui mapenzi." Akapumua. "Mama, ngoja, sehemu mpya inaanza."

Hakukata simu, alisahau. Nikamsikia mtafsiri akiunguruma kwa Kiganda, na watu wakiguna. Halafu nikamsikia binti yangu akiuliza kwa sauti ya chini, "Amesema nini?" Na Derrick, karibu kabisa na simu, akamwambia kwa Kiswahili. Akauliza tena, akamwambia tena.

Mtu wa benchi ya mbele akawaambia wanyamaze. Hawakunyamaza.