Ndevu za Marehemu

Kaka yangu ni kinyozi, na wateja wanamwita Taratibu kwa sababu akikunyoa utadhani anachora ramani. Mimi, dada yake, ni fundi wa makochi. Kutwa nang'oa misumari kwa koleo, kwa hiyo sina mikono laini wala maneno laini, na asubuhi ile nilipomwingiza yule mzee kinyozini sikuwa nimekuja kumbembeleza mtu.

Mzee alikuwa na ndevu hadi kifuani. Nilishamwonya njiani: "Usiseme neno. Ukifungua mdomo tumekwisha."

"Na akinitambua?"

"Atakutambua tu, baba. Lakini awe ameshaanza."

Ndiyo, baba. Baba niliyeambiwa alikufa nikiwa bado nanyonya. Nyumba iliungua, walisema, akafia ndani. Mwaka huu tulipomzika mama, shangazi akashindwa kulibeba peke yake, akanimwagia yote: moto ulikuwepo kweli, ila aliyeuwasha ni baba mwenyewe, amelewa chakari, kalipiga teke jiko la mafuta ya taa. Kaka akaungua mkono, begani mpaka kiwikoni. Baba akafungwa. Alishatoka zamani, yuko hai, analinda bohari la mbao mji huu huu. Bohari ninakonunua mbao zangu! Mara ngapi amenifungulia geti, nami nampita tu na salamu ya haraka.

Na kaka alijua kwamba hakufa. Nilipokuwa nalia alijua, nilipouliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani alinijibu bila kupepesa macho. Nilimvaa siku ile ile. Akasema, "Kwangu mimi alikufa," akarudi kunoa wembe wake.

Haya. Sikutaka wapendane. Nilitaka kitu kimoja tu: kaka atamke mbele ya watu kwamba huyu ni baba. Nilikuwa nimechoka kuwa yatima wa kupangiwa.

Kinyozini kwake kuna sheria ambayo kila mteja anaijua: hakuna anayetoka nusu. Umeme ukatike, bati livuje, watu wapigane, ukishaguswa na wembe wake utanyolewa mpaka mwisho. Anasema uso ulioachwa nusu humwaibisha kinyozi, si mteja. Sheria hiyo ndiyo niliyoitegemea.

"Bado umeninunia?" kaka akaniuliza.

"Nimekununia. Huyu ni mlinzi wa bohari la mbao. Mnyoe."

Akacheka puani, akamkalisha mzee kitini. Kwenye benchi walikuwepo dereva wa lori na fundi viatu, wanabishana mpira. Kaka akapunguza kwa mkasi, akapaka povu, akaanza shavu la kulia, taratibu kama jina lake. Mimi nikasimama mlangoni.

Sasa, ukoo wetu una jambo moja. Chini ya taya la kushoto ndevu zinaota kwa kuzunguka, na ukizinyoa kwenda chini kama za watu wengine unachubua ngozi. Lazima uanzie shingoni, upande kuelekea sikioni. Kaka hujinyoa hivyo kila siku huku akilalamika. Alipofika pale, mkono wake ukageuza wembe wenyewe, hata hakufikiri, ukapanda kuelekea sikioni. Kisha ukasimama.

Akalitazama lile taya. Akautazama uso kwenye kioo. Akanitazama mimi.

"Toka," akamwambia.

Baba akainuka, nusu uso mweupe kwa povu, kitambaa bado shingoni. Hakubisha. Hilo ndilo lililonitia uchungu, kwamba hakubisha hata kidogo.

"Taratibu, vipi?" dereva akashangaa. "Nusu?"

"Hatoki mtu hapa!" nikasema, nikauziba mlango kwa mwili wangu wote, na sina mwili mdogo. "Kaka, sheria ni yako. Maliza!"

"Umenitega."

"Nimekutega, ndiyo. Wewe ulinidanganya maisha yangu yote, mimi nimekudanganya asubuhi moja. Maliza!"

Kaka akamgeukia baba. "Ulitoka siku nyingi. Mbona hukuja?"

Baba akanitazama kwanza, kama anaomba ruhusa ya kusema. Nikamwitikia kwa kichwa.

"Mama yenu alikuja kuniona gerezani," akasema. "Aliniomba nife. Alisema nikiwa nimekufa mtalala vizuri. Nikamkubalia. Nimekaa maiti mpaka alipotangulia yeye."

Hilo hata shangazi hakuwa ameniambia. Nikamkasirikia mama kaburini mwake, Mungu anisamehe, halafu papo hapo nikamwonea huruma, mwanamke yule na watoto wawili na nyumba ya majivu.

Kaka huvaa mikono mirefu hata jua likiwaka. Akafungua kifungo, akaukunja mkono wa shati mpaka begani mbele ya wote, na kovu lote likawa nje, limekunjamana.

"Tazama."

"Naliona."

"Nimesema tazama!"

Baba akalitazama mpaka machozi yakachanganyika na povu. Hakuinamisha macho.

"Kaa," kaka akasema.

Baba akakaa. Wembe ukarudi, ukapanda kutoka shingoni.

"Sijakusamehe."

"Najua, mwanangu."

"Nyamaza, nitakukata."

Alimnyoa upande ule kwa uangalifu ambao sijapata kuuona, anavuta ngozi kwa kidole gumba, anafuta wembe, anarudi. Alipomaliza akampangusa kwa taulo la moto. Ukatokea uso wa kaka yangu, uliozeeka.

Dereva wa lori akashindwa kuvumilia. "Jamani, huyu mzee ni nani? Mbona mmefanana hivi?"

Kaka akakikung'uta kitambaa. Akakikung'uta tena, ingawa hakikuwa na unywele hata mmoja. Nilijua kwamba akisema "mlinzi tu" sitakuwa na ujanja mwingine.

"Ni baba yetu," akasema. "Hakufa. Nilikuwa nawadanganya wote, na dada yangu nikamdanganya kuliko wote. Bado namchukia, kwa hiyo usinipongeze. Njoo ukae, zamu yako."

Nilikuwa nimelipata nililolifuata. Nikakaa chini pale pale mlangoni, nikalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa.