Nguo za Karate Zilizorudi na Mikunjo

Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi, na binti yangu Kokushubila anajua. Nilipomwambia mashindano ya karate yawe mara mbili tu kwa mwaka, naye akang'ang'ania kwenda kila mwezi, nilishtuka. Mtu gani anakwenda kupigwa kila mwezi kwa hiari yake?

"Mae, mama yangu, usipopigana mara kwa mara unasahau," alinijibu, macho kwenye sufuria.

"Na ukipigwa mara kwa mara unakumbuka nini?"

Baba yake, Gamaliel, akacheka. Mwanaume huyu atacheka hata nyumba ikiungua. "Mwache mtoto, Mama Koku. Wewe ungeajiriwa polisi."

Nilikuwa nimeona jambo ambalo yeye hawezi kuliona, maana hafui nguo. Mwezi uliopita Koku alirudi hapa nyumbani Bilele kutoka Rubya, kule Muleba, akidai amepigana kutwa nzima. Nikatoa nguo zake za karate kwenye begi nizifue. Mawe, mama yangu! Mikunjo ilikuwa ileile niliyoikunja mimi baada ya kupiga pasi. Nikazinusa. Zilinukia sabuni.

Kuna mwanaume, nikasema moyoni. Nilipokutana sokoni na Mwijage, mwalimu wake wa karate, nikamuuliza habari za Rubya. Akatazama pembeni. "Muulize binti yako, mama." Naye nikaanza kumshuku hapo hapo.

Jumamosi iliyofuata nikamkuta Koku jikoni anakaanga senene, wale panzi wetu watamu. Aliwachambua mwenyewe, mabawa na miguu yote, kazi ya kuchosha vidole, akawatia kwenye kopo. Sisi Wahaya senene tunawajua. Bibi zetu waliwakamata kwa ajili ya waume zao, na mume akajibu kwa nguo mpya. Msichana hachambui senene kwa upole ule kwa ajili ya refa.

"Wa nani hao?"

"Wa wenzangu wa mashindano."

"Wenzako, au mwenzako?"

Akabeba begi lake, akaondoka. Nami nikajifunga kitenge, nikapanda gari la nyuma yake. Njia nzima nilikuwa nachemka. Mtoto ana kipaji, timu ya mkoa walikwisha kumtaja, halafu anakitupa kwa ajili ya mjinga mmoja wa Rubya! Muleba nikamwona anapanda bodaboda, nami nikachukua nyingine, nikamwambia kijana amfuate yule binti mwenye begi jeusi, na asiniulize maswali.

Koku aliingia kwenye nyumba moja katikati ya kibanja cha migomba. Mimi sikupiga hata hodi.

Hapakuwa na mwanaume. Msichana wa rika la Koku alikuwa ameketi kwenye mkeka, goti lake moja limefungwa vyuma, na Koku akimnyoosha mguu taratibu. Aliponiona mtu mzima nimeingia, yule binti akataka kupiga magoti anisalimie, kama binti yeyote aliyelelewa. Mguu ukamkatalia, akaelemea ubavu. Koku akamdaka.

"Mae, huyu ni Annastella," Koku alisema. "Mimi ndiye niliyemvunja. Nilimpiga teke la goti kwenye mashindano. Tangu siku ile sijapigana tena, nakuja tu kumsaidia mazoezi ya mguu. Mwalimu anajua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefurahi. Ungesema afadhali, sasa utaacha."

Niliona aibu, maana ni kweli, ningesema hivyo hivyo. Na bado nikasema, "Basi uache kabisa, mwanangu. Hata mara moja, hapana."

"Samahani, mama," Annastella akadakia. "Akiacha, mimi nitapigana na nani?"

"Wewe? Na goti hilo?"

"Daktari amesema nitatembea. Mengine hajui, lakini mimi najua." Akamgeukia Koku, hasira imemjaa usoni. "Kila mwezi unakuja kunililia hapa na kopo lako la senene. Nimechoka na machozi yako! Nenda kapigane, nikirudi nikute mtu wa maana wa kumpiga."

Koku akainama akalia kwa sauti. Nikaketi mkekani kando yake.

"Mashindano yajayo ni lini?" nikauliza hatimaye.

Koku akatikisa kichwa. Hakuwa ameuliza tangu siku ile. Tarehe aliijua Annastella.