Mikono Iliyoshika Paa

Mkono wa Arvid ukiuinua, unabaki pale pale ulipouacha. Asubuhi muuguzi alimvika shati, akaitwa chumba cha pili, akasahau kuushusha. Dada yake Borghild na mama yao, Tomine, walipoingia wodini walimkuta ameketi kitandani, mkono juu, macho wazi, kimya.

Kimya hicho kilianza majira ya baridi ya mwaka juzi, theluji ilipolielemea paa la zizi la ng'ombe likamwangukia baba yao, akafa. Majirani walimkuta Arvid ameishika boriti kwa mikono miwili. Boriti iliondolewa, mikono haikushuka.

"Nimemletea lefse," alisema Mama Tomine, akikifungua kitambaa chenye mikate ile myembamba ya viazi, ya siagi na sukari. "Leo atakula mwenyewe."

"Pengine atakula, mama," alisema Daktari Pruett, aliyeingia nyuma yao na sindano mkononi, "ila nisikilizeni kwanza. Hii sindano ni dawa ya usingizi, ndugu ya vile vidonge vyekundu vya madukani."

Borghild alivijua. Jirani yao, Bi. Halvorsen, alimeza kimoja apate kulala, usingizi ukamsahaulisha kwamba amemeza, akameza tena, na tena. Hakuamka.

"Ajabu yake," aliendelea daktari, "mtu kama Arvid, ikimwingia polepole, humwamsha kabla ya kumlaza. Ni kama mlango unaofunguka kidogo. Ukijifunga tena, tumshukuru Mungu kwa tulichopata. Nikizidisha, kitakacholala ni pumzi."

Mama Tomine aliitikia kwa kichwa, lakini macho yalikuwa kwa mwanawe. Borghild alikuwa amezoea kukaa na ng'ombe mgonjwa tangu alipoacha shule, akajua kungoja bila kusema. Akachagua pa kutazama: kidole gumba cha daktari kwenye sindano, na kifua cha kaka yake.

Dawa iliingia taratibu mno. Mkono wa Arvid ulianza kushuka wenyewe, kama mkono wa mtu anayejikumbuka. Akapepesa macho.

"Borghild," alisema, sauti ina kutu. "Umenenepa."

"Na wewe unanuka sabuni."

Akacheka. Akala lefse, sukari ikamganda kidevuni. "Dagros amezaa?"

"Mara mbili," alisema Borghild.

"Bila mimi? Ng'ombe yule hana adabu."

Mama Tomine alimshika goti. "Mbona husemi nasi, mwanangu? Hutusikii?"

"Nawasikia, mama. Kila Jumapili mnavuta viti, mnasema nimekonda. Lakini mtu hawezi kushika paa huku anapiga soga."

"Paa gani?"

"Lile lile. Nikilegeza tu, litawaangukia."

"Tulishatoka wote, mwanangu. Zizi tumejenga jipya, zuri kuliko lile."

"Baba hajatoka." Alitazama nyuma ya bega la mama yake, kwenye pembe ya chumba, kwa utulivu wa mtu anayemtazama mwenzake kazini. "Yumo. Anatafuta ndoo."

Mama hakugeuka. Aliyegeuka ni Borghild. Palikuwa na kiti tu, na koti la mama limetundikwa ukutani. Hata hivyo alijisogeza karibu na kitanda.

Maneno ya Arvid yakaanza kuburuzika. Macho yakafifia, na ule mkono ukaanza kupanda tena.

"Ongeza, Daktari," alisema Mama Tomine.

"Mama, nilikwambia."

"Kidogo kimemfikisha mlangoni. Kingi kitamwingiza ndani. Wewe huna mtoto? Nakuomba."

Daktari alimtazama mama, akamtazama mwana. Kidole gumba kikasukuma kidogo. Kikasukuma tena.

Arvid akatabasamu. Mikono yote miwili ilishuka ikatua mapajani, viganja wazi, laini kama vya mtoto. "Ahaa," alisema. "Basi naliachia."

Mama Tomine akalia kwa furaha. Borghild hakulia, alikuwa anatazama kifua. Kilipanda, kikashuka. Akangoja kipande tena.

"Daktari, hapumui."

Sindano ilichomolewa. Wakamlaza, muuguzi akaja mbio na mpira wa kusukumia hewa, daktari akaukandamiza usoni pake akimwita kwa jina, avute pumzi. Midomo iligeuka rangi ya majivu. Mama alisimama na kitambaa cha lefse mkononi.

Borghild akainama, akaweka mdomo sikioni mwa kaka yake.

"Arvid. Tumo ndani, mimi na mama. Hatujatoka. Lishike, kaka. Usituachie likatuangukia."

Hewa iliingia, ikatoka. Kidole kimoja kikacheza. Kisha kifua kikapanda chenyewe, kwa shida, kama kinachoinua mzigo. Na mikono nayo ikapanda, polepole, mpaka juu ya kichwa. Ikasimama hapo.

Daktari alijifuta jasho. "Amerudi."

"Amerudi wapi?" aliuliza Mama Tomine.

Arvid alikuwa anaangalia dari, sukari bado kidevuni. Muuguzi alinyoosha mkono amshushe mikono ili amfunike blanketi, Borghild akamzuia.

"Mwache hivyo, dada. Sisi tutoke kwanza."

Akamshika mama yake bega, wakatoka wameinamisha vichwa, ingawa mlango ulikuwa mrefu.